USIFICHE MOSHI KWA OILI NZITO

Somo la wiki kwa vikundi vya nyumbani

Maandiko ya kusoma: Mithali 28:13, Zaburi 139:23-24, Luka 19:1-10, 1 Timotheo 3:6

Lengo la somo: Tuelewe kwamba toba ya kweli ni kumruhusu Bwana atufungue, wala si kufunika dalili.

UTANGULIZI

Leo naanza na gari, tena gari yangu mwenyewe. Wengi hapa Funyula mnaijua: ile Toyota Corolla steshenwagoni ya dizeli, injini ya 2C, iliyobeba viti vya mikutano, magunia ya mahindi na wagonjwa usiku wa manane. Ilifika mahali asubuhi haiwaki mpaka vijana wa kwaya waisukume. Ikiwaka, ni moshi wa buluu mpaka jirani anafunga dirisha. Oili naongeza Jumatatu, ikifika Ijumaa kijiti cha kupimia kinatoka kikavu.

Dalali mmoja akaniambia, "Pasta, hiyo si shida. Tia oili nzito, moshi utapotea wiki mbili tatu. Hapo katikati uza."

Nikatia. Nasema hivi mbele yenu bila kujitetea: nikatia. Moshi ukapungua kweli. Jumamosi akaja mama mmoja anayeabudu nasi, anayetoa samaki Sio Port na kupeleka soko la Busia. Akazunguka gari, akasikia injini imetulia, akafurahi. Akasema atarudi Jumatatu na pesa.

Usiku ule sikulala. Kesho yake nilikuwa nihubiri juu ya uaminifu! Alfajiri nikaenda kwake, nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama mlangoni. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Pasta, pesa hiyo ni mkopo wa chama. Ungenizika na watoto wangu."

Neno hilo ndilo lililozaa somo hili.

1. MOSHI NI DALILI, UGONJWA UKO NDANI

Injini ya dizeli haina plagi za kuwasha moto kama ya petroli. Inavuta hewa, pistoni inaibana kwa nguvu sana, hewa inapata joto kali, ndipo dizeli inanyunyizwa na kuwaka yenyewe. Nguvu yote inategemea kule kubana. Ringi za pistoni zikilika na silinda ikipanuka, hewa inavuja, joto halitoshi, gari haiwaki. Oili nayo inapanda juu na kuungua. Huo ndio moshi wa buluu.

Oili nzito inafanya nini? Inaziba pengo kwa muda. Chuma kilicholika hakirudi. Tena asubuhi injini ikiwa baridi, oili nzito inachelewa kufika kwenye beringi, kwa hiyo zinasagika zaidi. Unaficha ugonjwa na papo hapo unauongeza!

Ndugu, ni wangapi kati yetu tumetia oili nzito? Nyumbani hamsemezani wiki nzima, Jumapili mnakaa benchi moja mnatabasamu. Deni la mtu umelikalia, lakini sauti yako katika sifa iko juu kuliko ya wote. Mithali inatufundisha kwamba anayefunika dhambi zake hatafanikiwa, bali anayeziungama na kuziacha ndiye anayepata rehema. Angalia, ni mambo mawili: kuungama na kuacha.

2. KUBALI KUFUNGULIWA

Nilimpelekea gari fundi mmoja wa jua kali. Aliisikiliza, akafungua kifuniko cha oili injini ikinguruma, mvuke ukapuliza kama chungu cha maharagwe. Akasema, "Pasta, hapa hakuna dawa ya chupa. Tufungue."

Akaondoa hedi, akatoa pistoni, akaosha kila kipande kwa dizeli na kuvipanga juu ya gunia. Kwa siku kadhaa gari yangu ilikuwa vipande chini, na kila mpita njia akisema, "Pasta, hii itarudi kweli?" Kuna waliocheka.

Lakini ona alichofanya fundi. Hakukisia. Alipima. Silinda zilikuwa zimelika zaidi juu kuliko chini, kwa hiyo zikapelekwa kwenye mashine zichongwe upya na kuwekewa pistoni kubwa kidogo. Hedi ikajazwa hewa chini ya maji, mapovu yakaonyesha ufa katikati ya valvu. Kwa macho haukuonekana. Injini hizi za 2C zinajulikana kwa hilo: zikichemka sana, hedi ya aluminiamu inapasuka.

Ndivyo Daudi alivyoomba katika Zaburi 139. Alimwomba Mungu amchunguze na kumjaribu, aone kama kuna njia mbaya ndani yake. Sisi tunapenda ile sala ya jumla: "Bwana, nisamehe yote." Roho Mtakatifu anataja kila kitu kwa jina: uongo huu, hasira hii, shilingi hizi.

Na ukimwona ndugu ambaye Bwana amemfungua, analia madhabahuni, mambo yake yako nje, usimcheke. Pengine ndiye wa kwanza miongoni mwetu kukubali kutengenezwa.

3. TENGENEZA CHANZO

Hedi nyingine ilipopatikana, nikasema, "Sasa funga twende." Fundi akakataa. "Radieta yako imeziba matope. Nikifunga hivi, itachemka tena, hedi hii nayo itapasuka, na utasema mimi ndiye mbaya."

Kumbe kosa lilianza zamani, nilipokuwa naongeza maji yoyote niliyoyapata njiani! Radieta ikasafishwa, pampu ya maji ikabadilishwa, gasketi ikawekwa mpya, kwa maana gasketi ya hedi hairudiwi. Kisha boliti zikakazwa kwa hatua, kuanzia katikati kwenda nje, kwa spana ya kupima nguvu.

Zakayo alipokutana na Yesu hakuishia kufurahi mezani. Aligusa chanzo, ambacho ni pesa. Nusu ya mali akaahidi maskini, na aliowadhulumu akaahidi kuwarudishia mara nne. Kama kinachokuchemsha ni pombe, badilisha njia unayopitia jioni. Kama ni simu, mpe mkeo namba ya siri. Ukifunga injini mpya juu ya radieta chafu, tutakutana tena gereji.

4. USIBEBESHE MZIGO MAPEMA

Injini ikawaka kwa mara moja! Nikataka kubeba viti vya mkutano siku hiyo hiyo. Fundi akasema, "Bado. Kilomita 1,000 za kwanza nenda polepole, usibebe mzigo mzito, na umwage oili mapema." Ringi mpya zinahitaji muda kuzoeana na silinda, na unga wa chuma unaobaki ni lazima utoke.

Kanisa, hapa tumekosea sana. Mtu ameokoka Jumapili, Jumatano tumempa kikundi aongoze. Akianguka tunashangaa. Paulo alimwonya Timotheo kuhusu kumpa uangalizi aliyeongoka juzi, asije akajivuna. Mpeni muda, mafundisho na mtu wa kumtembelea.

HITIMISHO

Wazee wa Samia walitoa chuma katika milima yetu hii na kufua majembe yaliyouzwa mbali. Walijua kwamba jembe lililopinda linarudi motoni kwanza, ndipo nyundo ifanye kazi. Chuma baridi hakinyooki.

Gari bado ninayo. Yule mama hakuinunua, na mkopo wa chama ulibaki salama. Siku hizi nampakilia samaki wake mara moja kwa wiki bila malipo. Mimi ndiye niliyeomba iwe hivyo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni "moshi" gani umeuficha badala ya kuutengeneza?
2. Je, kuna mtu unayepaswa kwenda mlangoni kwake wiki hii? Utamwambia nini?
3. Kikundi chetu kinawatunza vipi walioongoka karibuni?

TUOMBE

Baba, tunakubali kufunguliwa. Pima, taja, ondoa kilicholika, na utupe unyenyekevu wa kwenda polepole mpaka tukomae. Katika jina la Yesu, Amina.