Kizunguzungu Ambacho Faili Halikijui

Fundi wa ujenzi anaanguka kutoka ghorofa ya kwanza, anapoteza fahamu kwa dakika chache na kukimbizwa hospitali. CT scan haionyeshi damu wala mpasuko wa fuvu. Anashonwa nyuzi kisogoni, anapewa dawa za maumivu na ED, yaani ruhusa ya kupumzika kazi, ya siku tatu, na ndugu wanamshukuru Mungu. Wiki ya tatu ndipo mambo yanapoanza kwenda mrama. Akigeuka kitandani, chumba kinazunguka. Akiinua kichwa kupanga tofali la juu, anapepesuka. Kelele za mashine ya zege, alizozizoea miaka yote, sasa zinampasua kichwa, na vipimo alivyotajiwa asubuhi havikumbuki ifikapo saa sita. Hasemi neno. Anajua kwamba aliyekiri kizunguzungu hapandishwi tena juu, na asiyepanda juu halipwi.

Fundi huyu ni wa kutunga, ila yaliyomkuta ni ya kawaida kabisa. CT scan inatafuta damu, uvimbe na mifupa iliyovunjika. Mtikisiko wa ubongo unaweza kuacha madhara ambayo picha hiyo haiyaoni. Mwili hushika mizani yake kwa kuunganisha habari kutoka machoni, kwenye misuli na viungo, na ndani ya sikio. Pigo la kichwa linaweza kuharibu popote kati ya hapo. Mara nyingi vichembe vidogo vya kalsiamu vilivyomo ndani ya sikio hung'oka mahali pake na kuingia kwenye mirija inayopima mzunguko wa kichwa, na kila mara mgonjwa akilala au kuinuka, ubongo unapokea taarifa ya uongo kwamba dunia inazunguka. Aina hiyo inatibika: daktari wa masikio, pua na koo au mtaalamu wa fiziotherapia aliyejifunza kazi hiyo humlaza mgonjwa na kumgeuza kichwa kwa mpangilio maalumu hadi vichembe vitoke. Wapo wanaozunguka na kizunguzungu miezi na miezi wakati tiba yake haihitaji hata kidonge.

Kwa nini basi hawasemi? Wengine wanaogopa kuitwa chizi, wengine wanaambiwa wanadeka, na wengine wamekwisha kupelekwa kwa mganga kabla ya kurudi kliniki. Ipo pia sababu iliyo ndani ya jeraha lenyewe: ubongo ulioumia unaweza kushindwa kujitambua kuwa umeumia. Mke ndiye anayeona kwamba mumewe siku hizi anafoka bila sababu, hasikii harufu ya chakula kinachoungua, na anashika ukuta akienda msalani usiku. Kisheria, mke huyo ni shahidi.

Hapo ndipo penye tatizo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kampuni ya bima na mahakama wote huanza na karatasi. Dalili ambayo haikuandikwa popote itakuwa ngumu kulipiwa, hata kama inamlaza mtu kutwa nzima.

Kwa aliyeumia kazini Tanzania Bara, sheria ya msingi ni Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015. Unachangiwa na waajiri, na mfanyakazi hakatwi hata senti. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali kwa WCF ndani ya siku 7 tangu aijue. Mfanyakazi naye asikae kimya, kwa kuwa madai yana ukomo wa miezi 12. Mafao hayaishii kwenye bili ya hospitali. Yapo malipo ya ulemavu wa muda kwa kipindi ambacho mtu hawezi kufanya kazi, malipo ya ulemavu wa kudumu, huduma za utengamao, na hata malipo kwa ajili ya anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza. Utengamao ndio unaosahaulika zaidi, na ndio unaomhusu mtu wa kizunguzungu kuliko fao lingine lolote, kwa sababu mazoezi ya kurudisha mizani ni tiba inayokwenda kwa wiki kadhaa.

Vibarua hudhani hayo si yao. Hawana mkataba wa maandishi, basi wanajiondoa wenyewe. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema kinyume: mtu anayefanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, au aliyemfanyia kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mwajiri ambaye hakuchangia mfuko ana kesi yake mwenyewe ya kujibu. Kosa hilo si la kibarua.

Kiwango cha ulemavu wa kudumu hupimwa kwa asilimia, na asilimia ndiyo inayoamua fedha. Katika kupima, swali kubwa ni: mtu huyu alikuwa anaweza nini kabla ya ajali? Marekani walijifunza jambo hili kwa aibu. Wachezaji wastaafu wa ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL, walipata makubaliano ya fidia kwa majeraha ya ubongo yaliyoidhinishwa na mahakama mwaka 2015. Baadaye ikaonekana kwamba vipimo vya akili viliruhusu wachezaji weusi wahesabiwe kuwa walianza na uwezo mdogo kuliko weupe, kwa hiyo kuthibitisha kwamba wameporomoka kukawa kugumu zaidi kwao. Wachezaji wawili walifungua kesi mwaka 2020, na mwaka uliofuata NFL ikakubali kuacha utaratibu huo. Kwa mgonjwa wa Mbeya au Tanga, ushahidi wa uwezo wake wa zamani ni vitu vya kawaida: rejista ya mahudhurio, hati za mshahara, kauli ya msimamizi kwamba huyu alikuwa akipanda ngazi bila kushika.

Mahakama zetu, tukizitendea haki, zimewahi kuonyesha kwamba zinaelewa ugumu wa maradhi yasiyoonekana. Katika maombi ya madai namba 1 ya mwaka 2012 dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba ugonjwa ni hali anayoihisi mgonjwa mwenyewe, watu wengine hawashiriki hisia hiyo, na ni yeye anayeweza kusema kama ana nguvu za kwenda na kutenda. Maneno mazuri hayo, lakini si tiketi ya kwenda mahakamani mikono mitupu. Vyeti vya kliniki vikiwa na tarehe ndivyo vinavyoyapa uzito.

Kwa hiyo kila anaporudi kliniki, mgonjwa aombe dalili zake ziandikwe zote, hata zile anazoona ni ndogo: lini zilianza, zinakuja akifanya nini, zinamzuia nini. Aende na mtu anayeishi naye. Akitaka kuona kilichoandikwa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa haki ya kupata taarifa zake mwenyewe, na taarifa za afya zimo.

Ajira ina mtego wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Ulemavu si sababu halali ya kumfukuza mtu kazi. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri achunguze hali ya mgonjwa na kutafuta njia mbadala, kama vile kumhamishia kazi za chini, kabla ya kufikiria kumwondoa. Ila mwajiri hawezi kulaumiwa kwa kutozingatia jambo ambalo hakuambiwa. Mtu anayeficha kizunguzungu, kisha akapewa barua ya onyo kwa uzembe au, vibaya zaidi, kwa tuhuma za kuja kazini amelewa, anajikuta akijitetea kwa ugonjwa ambao anautaja siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Kwa ajali ya barabarani njia ni nyingine. Fomu ya polisi ya PF3 hujazwa mapema, mara nyingi kabla dalili hazijajitokeza, kwa hiyo isichukuliwe kuwa neno la mwisho. Ripoti za baadaye ziambatanishwe. Kampuni ya bima ikileta fedha haraka na karatasi ya kusaini kwamba madai yamekwisha, aliyeumia kichwa ana kila sababu ya kusubiri hali yake ijulikane, kwani kesi ya madai ya jeraha ina muda wa miaka 3. Na yeye mwenyewe asiendeshe chombo wakati dunia bado inamzunguka. Akigonga mtu, atakuwa upande wa pili wa sheria hiyohiyo.

Tukirudi kwenye ajira, aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na hizi ndizo zinazowaponyoka wengi, maana kusahau ni sehemu ya ugonjwa. Zikipita, bado inawezekana kuomba kuongezewa muda, kwa kueleza sababu ya kuchelewa na kuambatanisha vyeti vya hospitali. Wasiomudu wakili wanaweza kuanzia kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya inaweza kuwaelekeza.