Nuru ya yavuyavu yafichua siri ya moyo dhaifu

Mtajie mtu kalisiamu naye atafikiria mifupa na meno, na pengine gilasi ya maziwa. Hajakosea, kwani karibu kalisiamu yote ya mwili imo katika mifupa. Lakini kile kiasi kidogo kilichosalia ndicho kinachouamuru moyo wako upige hata sasa unaposoma ukurasa huu.

Ndani ya seli ya msuli uliopumzika, kalisiamu ni haba mno, karibu mara 10,000 chini ya iliyoko nje ya seli. Umeme wa moyo unapopita, vijilango katika ukuta wa seli hufunguka. Kalisiamu kidogo huingia, nyingine hutoka katika ghala lililo ndani ya seli yenyewe, na msuli hujikaza. Kisha sharti iondolewe upesi ili msuli ulegee na moyo ujae damu tena. Yote haya hutendeka katika muda usiofika sekunde moja. Je, mtu atayaonaje bila ya kuiua seli?

Jibu lilitoka baharini. Mwaka wa 1961, Mjapani Osamu Shimomura, aliyekuwa akifanya utafiti Marekani pamoja na Frank Johnson, alikwenda Friday Harbor, jimbo la Washington, kuchunguza yavuyavu aina ya Aequorea ambaye ukingo wa mwili wake hung'aa. Walivua maelfu ya wanyama hao. Siku moja, baada ya jaribio, Shimomura alimwaga mabaki kwenye sinki, na sinki lote likawaka rangi ya buluu! Maji ya bahari yalikuwa yakitiririkia humo, na maji ya bahari yana kalisiamu. Ndipo akatambua kwamba protini ya yavuyavu huyo, iliyopewa jina ekworini, hutoa nuru ikiguswa na kalisiamu. (Zawadi ya Nobel aliyoshiriki mwaka wa 2008 ilitokana na protini nyingine ya yavuyavu huyo huyo.)

Basi watafiti wakaanza kuitia ekworini ndani ya seli na kuzitazama gizani. Kwa njia hiyo, mwaka wa 1978 ilionekana jinsi yai la samaki mdogo aitwaye medaka linavyowaka linapotungishwa: wimbi la kalisiamu huanzia upande mmoja na kuvuka hadi mwingine. Mwaka huo huo, Allen na Blinks walionyesha nuru ikipanda na kushuka katika msuli wa moyo wa chura.

La kutuhusu zaidi lilitoka Boston mwaka wa 1987. Watafiti walichukua vipande vya misuli kutoka mioyo iliyoshindwa kufanya kazi, ya wagonjwa waliobadilishiwa moyo, wakavitia ekworini. Nuru ilikawia kuzimika. Maana yake ni kwamba kalisiamu haikuondolewa kwa wakati, na msuli ukachelewa kulegea. Kwa hiyo moyo dhaifu hauna shida ya kukaza tu, bali pia ya kupumzika.

Nuru hii ina kasoro zake. Ni hafifu, na kila chembe ya ekworini huwaka mara moja tu. Tena damu humeza rangi ya buluu, jambo linalofanya kazi iwe ngumu katika mnyama mzima. Hata hivyo, kwa kuiunganisha na ile protini nyingine inayong'aa kijani, watafiti waliweza mwaka wa 2007 kuona kalisiamu ikicheza katika misuli ya panya walio hai, bila ya kuwapasua.

Kuna msomaji atakayeuliza: nami ninayemeza amlodipini kwa ajili ya shinikizo la damu, dawa inayozuia kalisiamu, je, mifupa yangu haitadhoofika? La. Dawa hiyo hufunga baadhi ya vile vijilango katika misuli ya mishipa ya damu, mishipa ikalegea na shinikizo likashuka. Haichoti kalisiamu mifupani, wala glasi ya maziwa haiharibu kazi yake. Usiache kuimeza kabla ya kuzungumza na daktari wako.