Mgeni Same: Mafunzo Niliyopata kwa Miaka Mitano

Nilizaliwa Wundanyi, kwenye milima ya Taita upande wa Kenya, mahali ambapo ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Januari 2016 nilishuka kwenye basi stendi ya Same nikiwa na mabegi mawili na barua ya kazi. Upepo ulininyang'anya kitambaa cha kichwani kabla sijalipa bodaboda. Nilikuja kufundisha hisabati katika shule moja ya binafsi, kama walimu wengi wa Kenya na Uganda walivyokuwa wakija kwenye shule za mchepuo wa Kiingereza mkoani Kilimanjaro. Mwaka wa kwanza nililalamika karibu kila siku. Yafuatayo ndiyo niliyojifunza kabla sijaondoka, Desemba 2020.

1. Naomba, si nipe

Asubuhi yangu ya kwanza niliingia kwa mama lishe karibu na stendi, nikakaa, nikasema, "Nipe chai na chapati mbili." Akanitazama kidogo, akaendelea kuwamiminia wengine. Nikarudia kwa sauti zaidi. Nyuma yangu akaingia kijana wa bodaboda: "Shikamoo mama. Umeamkaje? Naomba chai na maandazi mawili." Chai yake ilifika ikitoa moshi, yangu ikaja baadaye ikiwa vuguvugu.

Nilijua sababu, au nilidhani najua: hawapendi Wakenya. Wiki nzima nilikwenda na wazo hilo, na kila nilipokwenda nalo nililipatia ushahidi. Ndipo mwalimu mwenzangu, Mpare wa Suji, aliponiuliza nilikuwa nasemaje hasa. Nikamwambia. Akasema, "Ukisema nipe, umemdai. Kwani ana deni lako?"

Kwetu "nipe" haina ubaya, ndivyo tunavyosema. Lakini mama yule hakuwa kwetu. Kesho yake nilianza na shikamoo, nikauliza habari za nyumbani, nikasubiri jibu hadi mwisho, kisha nikaomba. Sikuwahi kunywa tena chai ya vuguvugu pale. Darasani nako nilijifunza kusema umeme umekatika badala ya stima zimepotea, maana mara ya kwanza wanafunzi walicheka mpaka kipindi kikaisha. Na makande ya shuleni, niliyoyakodolea macho siku ya kwanza kama chakula cha ajabu, yalikuwa pure ileile ya mama yangu, mahindi na maharage, kwa jina jingine.

2. Kikao cha Jumapili kinachosha

Tulikuwa wageni wachache mjini na tulijuana upesi. Kila Jumapili baada ya ibada tulikutana nyumbani kwa mwenzetu mmoja, Wakenya wanne na Waganda wawili, tukapika na kuzungumza. Nilikipenda kikao kile. Mtu akiwa mbali na kwao anahitaji mahali pa kusikia mzaha wake ukieleweka bila maelezo.

Lakini taratibu niliona jambo. Tulianza na habari za nyumbani, na kabla ya wali kuiva tulikuwa tumeshafika kwenye malalamiko: ofisi hazina haraka, mwenye duka kampandishia bei kwa sababu ya lafudhi, vumbi limeharibu kompyuta, mshahara umechelewa, kwetu ingekuwa hivi na vile. Mengine yalikuwa ya kweli kabisa. Tatizo ni kwamba hakuna hata mmoja chumbani mle aliyeweza kufanya lolote. Hatukuwa na mwenyekiti wa kitongoji pale, wala fundi, wala mwenye duka. Tulipeana uchungu, kila mtu akaondoka na wa mwenzake juu ya wake. Nilirudi nyumbani jioni nikiwa nimechoka kuliko siku ya kusahihisha mitihani.

Sikuacha kwenda. Nilijiwekea sharti moja: jambo la Same nilisemee Same, kwa mtu wa Same, kwanza.

3. Dumu lina zamu

Mtu wa kwanza niliyemjaribia sharti hilo alikuwa mama mwenye nyumba wangu, na jambo lenyewe lilikuwa maji.

Same hupata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka. Upepo wa bahari hupanda milima ya Upare kwa upande wa mashariki, huacha mvua yake huko Mamba na Gonja, kisha hutushukia sisi wa magharibi ukiwa mkavu, na kwa nguvu. Bomba la uani kwetu lilitoa maji siku moja, zikapita nyingine mbili, tatu, wakati mwingine wiki. Mimi nilikuwa na ndoo mbili. Nilizijaza nilipokumbuka, na nilipozikuta tupu nilinunua maji ya mkokoteni huku nikinung'unika.

Siku hiyo nilimkuta mama amekaa kibarazani anapembua maharage. Nikamwamkia, nikaketi, nikamwambia kwa upole kwamba maji yananishinda. Hakunipa pole. Aliinuka akanichukua nyuma ya nyumba.

Palikuwa na madumu tisa ya lita 20, yamepangwa ukutani, na baadhi yalikuwa na kitambaa kilichofungwa kwenye mkono. Chekundu ni ya kunywa, yaani yametuama siku mbili na yamechujwa. Cheupe ni ya kupikia. Yasiyo na kitambaa ni ya kufulia, na maji ya kufulia hayamwagwi: huoshea sakafu, kisha hupelekwa kwenye mpapai. Chini ya bomba aliweka sufuria ya bati iliyofunikwa juu chini. "Usiku maji yakija, yanagonga," akasema. "Mimi husikia, naamka, nataka kukuamsha na wewe. Ulikuwa unalala tu, nikasema mwalimu amechoka."

Kwa miezi minane sufuria ile ilikuwa ikigonga hatua tano kutoka kitandani kwangu. Nilikuwa nalalamikia maji mbele ya wageni wenzangu kila Jumapili, na mwanamke aliyejua yanafika saa ngapi alikuwa upande wa pili wa ukuta akiona haya kuniamsha.

Akaniambia pia kwamba maji ya uhakika walishaahidiwa, kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu kule Mwanga, na kwamba habari hizo alizisikia watoto wake wakiwa wadogo. Ujenzi wa mradi wa Same, Mwanga na Korogwe ulianza mwaka 2014, ukasimama, ukaendelea, ukasimama tena. Nilipofika mimi, mitaro ilikuwa imechimbwa. Nilipoondoka, ilikuwa ingali mitaro. Miezi minane ya shida yangu ilionekana midogo sana mbele ya madumu yale tisa.

Nilinunua madumu manne na vitambaa.

4. Karatasi zako zishike mwenyewe

Hili nalisema kwa msisitizo kwa yeyote anayefikiria kuja. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na wengi wetu tulivuka mpaka tukiamini kwamba imetumalizia matatizo. Haikuyamaliza. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 kuhusu ajira za wageni inataka kibali cha kazi, na Uhamiaji wanataka kibali cha ukaazi. Ni vitu viwili na ni ofisi mbili. Cha kazi wakati huo kilitolewa kwa miaka miwili, kikaongezwa, na kwa mtu wa kuajiriwa jumla yake haikuzidi miaka mitano. Tangu siku ya kwanza, kwa hiyo, nilijua mwisho wangu.

Mwajiri wangu alituambia vibali vinashughulikiwa. Niliamini mwaka mzima. Kumbe maombi ya wenzangu wawili hayakuwahi hata kupelekwa, na walilazimika kuondoka katikati ya muhula wakiwaacha wanafunzi wa kidato cha nne bila mwalimu wa fizikia. Maombi yangu yalikuwa yamepelekwa, kwa bahati tu. Tangu hapo nilitunza nakala ya kila stakabadhi, nikafuatilia kwa miguu yangu mwenyewe, na nikahakikisha mwenyekiti wa kitongoji ananifahamu kwa sura na kwa jina. Siku maofisa walipopita kukagua, yeye ndiye aliyefungua mlango, akasema, "Huyu ni mwalimu wetu."

Sheria zinaendelea kubadilika. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo kutuma fedha kwa simu, kutengeneza simu na saluni. Simu yangu ilijaa ujumbe wa Wakenya niliokuwa nikiwafahamu Moshi na Arusha. Naelewa kwa nini mfanyabiashara mdogo wa Tanzania aliililia amri ile, na naelewa pia usiku wa mama wa Kenya mwenye kisaluni chake cha viti viwili. Nimekuwa upande wa wageni, siwezi kujifanya sikuumia. Lakini Mei 2020 ni Kenya, nchi yangu, iliyofunga mpaka wake na Tanzania kwa sababu ya korona, nami nikakaa Same nikishindwa kufika kwa mama yangu, safari ya siku moja tu. Mpaka hauna upande mmoja.

5. Utani una wenyewe

Wapare wana utani juu yao wenyewe: kwamba Mpare akiibiwa kuku atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani. Nilisikia walimu wakiutoa kila mara wakicheka. Siku moja nikautoa mimi. Kimya.

Anayetania ni mtani, na utani una historia yake, nani kwa nani. Mimi sikuwa Mchaga wala mtani mwingine wa yeyote pale. Niliomba radhi.

6. Tembo wa kwenu

Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi inaanzia kilomita chache tu kutoka Same mjini, na upande wa kaskazini inagusana na Tsavo Magharibi. Kwa tembo ni pori moja. Huvuka mpaka, na wengine hutokea mashambani.

Kikao kimoja cha wazazi, baba mmoja kutoka njia ya Kisiwani alisimama, akaeleza kwamba mwanawe hakuja shule siku tatu kwa sababu walikuwa wakikesha shambani kulinda mahindi. Kisha akanigeukia. "Na tembo wenyewe, mwalimu, ni wa kwenu."

Watu walicheka, yeye hakucheka. Nilitaka kujitetea: mimi sina tembo, mimi ni wa hisabati. Lakini nilikumbuka shangazi yangu wa Mwatate, chini ya milima ya Taita, anayelala na debe tupu kando ya kitanda ili aligonge tembo wakiingia. Nikamsimulia. Nikamwambia kwamba na sisi husema tembo wametoka Tanzania. Hapo ndipo alipotabasamu, akaniuliza kama debe linasaidia. Nikajibu kweli: mara mbili za kwanza, baadaye tembo huzoea. Tulizungumza pilipili, mizinga ya nyuki na moto wa kinyesi kikavu mpaka mkuu wa shule akatukumbusha ajenda.

Mwanawe nilimfundisha jioni bila malipo mpaka msimu ulipokwisha.

7. Panda mlimani kabla hujahukumu tambarare

Yule mwenzangu wa Suji ndiye aliyenipeleka juu. Gari lilipanda kona baada ya kona, vumbi likawa udongo mwekundu, udongo ukawa matope, kukaanza migomba, tangawizi, na ukungu. Ukungu wangu. Upare na Taita ni milima ya tao moja la mashariki, nami nilikaa miaka miwili chini yake nikisema Same haina kitu.

Mlima nao una kilio chake. Barabara mvua ikinyesha huteleza mpaka mgonjwa hubebwa kwa machela. Novemba 2009 maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 20 Goha, Mamba Miamba. Watu walioniambia habari hizo waliinua kidole tu kuonyesha ubavu wa mlima, hawakuongeza neno.

Huko niliona ndiva, bwawa dogo la kuta za udongo linalojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi, maji yakashuka kwa mfereji shamba hadi shamba. Kuna zamu, na kuna kamati. Asubuhi ile kijana mmoja alidai jirani amekula zamu yake. Hakumpigia kelele kwake. Alikuja kwenye ukingo wa ndiva, mbele ya wazee, akasema, jirani naye akasema, wakapima kwa kutazama unyevu wa mfereji. Alirudishiwa nusu saa.

Niliwaza ndiyo maana. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani wakajazana Same, makao makuu ya wilaya, kupinga mbiru, kodi iliyopimwa kwa mali ya mtu, na wanawake nao baadaye wakaingia katika mapambano hayo. Profesa Isaria Kimambo ameyaandikia kitabu. Hawakunung'unikia majumbani. Walilipeleka lalamiko mlangoni kwa mwenye kodi, wakakaa nalo hapo, na kodi ile mwishowe ikafutwa.

8. Simu kutoka Same

Machi 2025 mradi wa maji ulizinduliwa. Mama mwenye nyumba alinipigia simu Wundanyi akiwa na furaha, akataja kila bomba la mtaa kwa mwenye nyumba yake.

Miezi michache baadaye alipiga tena. Maji yapo, akasema, ila sasa kila mtu anachota uani kwake, na bomba la karibu na kanisa, ambako watu walipanga foleni mabomba ya uani yakikauka, halina mtu. Jirani yake hajamwona wiki mbili. Zamani walikutana kila alfajiri, wakajua nani anaumwa, binti wa nani amechumbiwa. Madumu ameyagawa, sufuria amerudisha jikoni, na bado anaamka saa tisa usiku, anasikiliza.

"Watoto nikiwaambia wananicheka," akasema. "Ndiyo nikasema nimpigie mwalimu."

Nikamwomba asubiri kidogo. Nikavuta kiti, nikakaa, nikamwambia, "Haya mama, nieleze."