Kuni za Moto wa WhatsApp
Maandiko: Mithali 26:20, Yakobo 3:5-10



Jumapili iliyopita baada ya ibada tuliketi na vijana wetu wa sekondari, tukawauliza wanaonaje habari ya kunyanyasana mitandaoni. Mimi nilidhani haiwahusu sana, maana simu haziruhusiwi bwenini. Wakacheka. "Mwalimu, simu hakuna, lakini likizo ziko." Kumbe ugomvi wa bwenini wa Februari hulipuka Aprili, mtu akishafika nyumbani Manyatta au Nyalenda na kushika simu ya mamake.

Nikauliza, nani mwenye makosa? Wote wakasema ni aliyetengeneza stika ya uso wa mwenzake. Na aliyeiforwadi? Kimya. Kijana mmoja akajibu, "Huyo si alipitisha tu? Ni mchezo." Aliyecheka kwenye grupu, huyo hawakumhesabu kabisa.

Hapo ndipo andiko letu linatushika. Mithali 26:20 haizungumzi juu ya aliyewasha kiberiti, inazungumza juu ya kuni. Mama anayekaanga samaki Dunga anajua: akivuta kuni nje, mafuta yanatulia, hata kama si yeye aliyewasha. Kila anayeforwadi ni kipande cha kuni.

Niliwasomea pia sheria ya Kenya ya mwaka 2018 ya uhalifu wa mtandaoni: faini hadi shilingi milioni 20, au kifungo hadi miaka 10. Wakashtuka. Lakini mimi nilichomwa na dada mmoja (amekubali niandike). Stika yake ilipita hata kwenye grupu letu la vijana, la kanisa! Tangu Pasaka hajaimba kwaya, nasi tukasema amepoa kiroho. Nyumbani hakusema, kwa sababu angepokonywa simu. Yaani aliyepigwa ndiye angeadhibiwa. Wazazi, hapo tumekosea, na mimi nimo.

Wiki hii muulize mtoto wako habari za magrupu yake, na usinyooshe mkono kudai simu. Kijana unayeogopa kusema nyumbani, piga 116. Ni bure, mchana na usiku.

Jumamosi saa tisa tunamtembelea dada huyo. Yeye na mamake wametukaribisha. Kama uliiforwadi stika ile na unataka kuomba msamaha, tukutane mlangoni pa kanisa saa nane na nusu.