Okidi chui: kuenea si kuwa tele

Barua nyingi safari hii zinahusu mmea mmoja, okidi chui (Ansellia africana), wenye maua ya manjano na madoa ya hudhurungi. Nimejibu zilizonikera na zilizonitia hofu.

Shikamoo mtaalamu. Nasikia okidi hii imejaa Afrika nzima. Kwa nini basi nikatazwe kubandua mafungu mawili matatu niwauzie wageni? (Chilangala)

Marahaba. Dhana hii ndiyo inayoimaliza okidi yenyewe, kwa hiyo nivumilie.

Ni kweli eneo lake ni kubwa: Ghana hadi Kenya, kisha Tanzania na Msumbiji hadi KwaZulu-Natal, na upande wa magharibi Angola na Namibia. Hata kielelezo cha kwanza hakikutoka huku Tanzania. Mkusanyaji mimea John Ansell alikipata mwaka 1841 katika kisiwa cha Fernando Po, leo Bioko, na mtaalamu wa mimea John Lindley akaupa mmea jina la Ansell mwaka 1844. Baadaye wataalamu waliigawa kwa ukubwa na madoa. Ya Natal ikaitwa gigantea, nyingine nilotica. Siku hizi zote zinahesabiwa spishi moja, na eneo likapanuka kwenye karatasi. Porini hakikuongezeka hata kichipukizi.

Sasa uliza, ndani ya eneo hilo inakaa wapi? Juu ya miti mikubwa, penye joto, mwanga ukipenya. Msitu wa giza haiutaki. Katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania, vichaka vya asili vimefyekwa sana kupisha mashamba na mikorosho. Ramani inabaki na rangi yake ileile hata miti ikiisha. Tunda moja hutoa maelfu ya mbegu laini kama vumbi, lakini hazina akiba ya chakula. Isiyokutana na kuvu wa kuilisha haioti. Fungu unalolibandua asubuhi moja limekua kwa miaka. Likiondoka, hakuna jingine litakalotoka Ghana kuja kujaza nafasi Newala. Shirika la uhifadhi la IUCN limeiorodhesha miongoni mwa spishi zinazokabiliwa na hatari ya kutoweka, na okidi karibu zote, hii ikiwemo, zimo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini. Kuivusha mpaka bila kibali ni kosa.

Je, inanyonya mikorosho? Niikate? Niipulizie salfa? (Wasomaji wengi wa Masasi, Newala na Tandahimba)

Hapana, hapana na hapana. Mizizi yake hulishika gome tu. Mingine husimama kama sindano ikikusanya majani makavu, yanayooza na kuwa chakula chake. Mashina manene huweka maji ya kuivusha kiangazi. Kinachonyonya ni ule mmea mwingine wa matunda yanayonata, unaosambazwa na ndege. Huo kata na tawi lake. Anayewatoza fedha "kusafisha" okidi shambani anawaibia.

Mganga mmoja mnadani anauza mizizi ya okidi hii ya kurudisha mpenzi. Inafanya kazi?

Haifanyi. Kusini mwa Afrika nako hutumika kwa mambo ya mapenzi, na wapenzi wanaachana vilevile.

Hii si ndiyo vanila? Tumeambiwa ina mamilioni.

Siyo. Ni za familia moja, basi. Vanila ya biashara ilitoka Mexico na huku huchavushwa kwa mkono, ufundi uliogunduliwa Réunion mwaka 1841 na mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius. Pwani yetu ina vanila yake ya porini, Vanilla roscheri, isiyo na majani, nayo si ile ya sokoni. Anayekuuzia miche kwa ahadi ya utajiri, mwombe akuonyeshe mnunuzi kwanza.

Ramani ya okidi chui inaonyesha nukta chache kusini. Je, ina maana haipo kwetu?

Nukta ni mahali ambapo mtu alipita, akakata tawi, akalikausha na kuandika jina la mahali. Mkusanyaji mimea Hans Joachim Schlieben alifanya hivyo Lindi mwaka 1934 na 1935; kwingine kwingi hakufika mtu. Tena sehemu kubwa ya mimea mikavu iliyohifadhiwa Berlin, ikiwemo ya enzi za Wajerumani huku, iliteketea kwa mabomu Machi 1943. Penye uwazi kwenye ramani, usiseme haipo.

Ukiiona, iache mtini. Ipige picha pamoja na mti wake, andika kijiji, mwezi na jina la mti, kisha upeleke taarifa kwa wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.