SOMO LA WANACHAMA: KUCHAGUA MJI WA KUNUNUA NYUMBA UGENINI



Katika kukagua vyama vya akiba na mikopo nimekutana mara kadhaa na ombi la aina moja ambalo zamani lilikuwa nadra. Mwanachama, aghalabu mzee mwenye shamba la kahawa, huomba mkopo mkubwa kupita yote aliyowahi kuchukua, na penye nafasi ya sababu huandika: kumsaidia mtoto kununua nyumba Kanada. Wajumbe wa kamati ya mikopo hutazamana, kisha ama hukataa kwa woga, ama hukubali kwa kumstahi mzee. Njia zote mbili hazifai, maana hakuna aliyeuliza nyumba hiyo iko mji gani, wala kwa nini kijana amechagua mji huo na si mwingine.

Somo hili limeandikwa ili swali hilo liulizwe. Nimechukua Kanada peke yake, kwa kuwa sheria za nchi moja hazifai kupimia nyingine. Kila ninapotaja dola, ni dola ya Kanada.

Jambo la kwanza ni ruhusa yenyewe. Tangu tarehe 1 Januari 2023 Kanada iliwakataza watu wasio raia wala wakazi wa kudumu kununua nyumba za kuishi katika miji yake mikubwa na ya kadiri, na mwaka 2024 serikali yake ilitangaza kuliendeleza katazo hilo hadi tarehe 1 Januari 2027. Zipo nafuu kwa baadhi ya wenye vibali vya kazi. Mwenye hadhi ya mkazi wa kudumu haguswi na katazo hilo kabisa. Nalitaja hili kwa sababu wapo wazazi walioambiwa kwamba mtoto hana budi kuchukua uraia wa huko ndipo anunue nyumba. Si kweli, na hasara yake si ndogo, kwani kwa sheria yetu raia mtu mzima anayejipatia kwa hiari uraia wa nchi nyingine hupoteza ule wa Tanzania.

Sasa tuingie katika bei. Vijana wengi hufikia Toronto, kwa kuwa ndiko kuliko na ndugu, msikiti au kanisa la watu wa kwao, na mtu wa kumpokea uwanja wa ndege. Sababu hizo ni njema kwa kufikia. Kwa kununua hazitoshi. Mwaka 2024 wastani wa bei ya nyumba Toronto na viunga vyake ulizidi dola 1,000,000. Edmonton, mji mkuu wa jimbo la Alberta upande wa magharibi, wastani ulikuwa chini ya nusu ya hapo. (Wapenzi wa riadha watakumbuka kwamba ni Edmonton, katika michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1978, ambako Gidamis Shahanga wetu alishinda mbio za marathoni.)

Tuweke nyumba mbili kwenye mizani. Moja iko Edmonton kwa dola 400,000, nyingine Toronto kwa dola 800,000, tena hiyo ya Toronto itakuwa ndogo. Kwa kanuni za huko, mnunuzi hutoa kianzio kisichopungua asilimia 5 ya dola 500,000 za kwanza, na asilimia 10 ya kiasi kinachozidi hapo hadi dola 1,500,000. Basi kianzio cha Edmonton ni dola 20,000. Cha Toronto ni dola 25,000 na dola 30,000, jumla dola 55,000. Bei imezidi mara mbili, lakini kianzio kimezidi karibu mara tatu. Hapo ndipo wengi hukwama na kuandika barua nyumbani.

Tena kuna kodi ya kuhamisha umiliki. Jimbo la Ontario, ambamo Toronto imo, hutoza kodi hiyo, na manispaa ya Toronto nayo huongeza yake. Kwa nyumba yetu ya dola 800,000 jimbo litadai dola 12,475, na manispaa kiasi kama hicho hicho: jumla dola 24,950, zinazolipwa siku ya kukabidhiwa nyumba, wala haziingizwi katika mkopo wa benki. Mnunuzi wa mara ya kwanza hupunguziwa hadi dola 4,000 na jimbo na hadi dola 4,475 na manispaa, akabakiwa na dola 16,475 za kulipa. Lakini wazazi na wasome hapa mara mbili: kwa sheria ya Ontario, mnunuzi wa mara ya kwanza ni yule ambaye hajapata kumiliki nyumba mahali popote duniani. Kijana aliyeandikishiwa nyumba ya urithi huku kwetu amekwisha ipoteza nafuu hiyo kabla hajapanda ndege. Alberta haina kodi ya namna hii. Kuna ada ya kuandikisha hati, nayo ni mamia ya dola, si maelfu.

Haifai, hata hivyo, kukimbilia kusema kwamba Edmonton ni rahisi na shauri limekwisha. Kiwango cha kodi ya majengo ya kila mwaka huko ni kikubwa kuliko cha Toronto kwa kila dola ya thamani ya nyumba. Baridi ya Januari yaweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, na tanuri la kupashia nyumba joto likiharibika usiku, fundi huitwa usiku huo huo kwa bei atakayoitaja yeye. Mji umetawanyika. Ina treni ya mjini tangu mwaka 1978, lakini mitaa mipya ya pembeni, ambayo ndiyo yenye nyumba za bei nafuu, mingi iko mbali na reli. Mume na mke wanaofanya kazi za zamu watahitaji magari mawili, pamoja na bima, mafuta na matairi ya theluji. Gharama hizi za kila mwezi ziandikwe karatasi moja na marejesho ya mkopo, ndipo miji miwili ilinganishwe.

Aidha, mwenye kianzio cha asilimia 5 hulazimika kuukatia bima mkopo. Kwa mfano wetu wa Edmonton mkopo ni dola 380,000, na bima asilimia 4, yaani dola 15,200, ambazo kwa kawaida huongezwa juu ya deni. Bima hiyo humlinda mkopeshaji. Mkopaji huilipia tu. Na riba ya huko haifungwi kwa muda wote wa deni: mkataba wa kawaida ni wa miaka mitano, kisha hupangwa upya. Benki Kuu ya Kanada ilipandisha riba yake kutoka asilimia 0.25 mwanzoni mwa Machi 2022 hadi asilimia 5 mwezi Julai 2023. Aliyekuwa amenunua nyumba inayommaliza mshahara wote kwa riba ya chini alijikuta, siku ya kupanga upya, hana pa kupunguza.

Upande wa pili wa mizani ni kazi. Mshahara wa muuguzi au fundi umeme hauongezeki mara mbili kwa kuwa nyumba za mji huo ni bei mara mbili, na hiyo ndiyo hoja kubwa ya kutazama miji ya magharibi. Lakini uuguzi, kama taaluma nyingine nyingi, husajiliwa na kila jimbo kwa utaratibu wake. Kijana asinunue nyumba katika jimbo ambalo halijampa cheti cha kufanyia kazi, hata ikiwa bei ni ya kutupa.

Tukifika kwenye bei ya kutupa, wazee wa Tanga na Korogwe watanielewa upesi. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Kamba za plastiki zilipoenea bei ilianguka, mashamba yakafungwa, na nyumba zilizojengwa kwa ajili ya kazi hiyo zikabaki bila watu wa kuzilipia. Kanada nayo ina miji ya zao moja. Elliot Lake katika Ontario ulijengwa kwa madini ya urani, na mgodi wake wa mwisho ulifungwa mwaka 1996. Nyumba zilikuwa rahisi mno, na mji ukajitangaza kwa wastaafu, ambao hawakuhitaji ajira. Kwa mstaafu mwenye pensheni ulikuwa mpango wa busara. Kijana wa miaka 30 mwenye watoto na mkopo wa miaka 25 angefuata nini huko? Fort McMurray, mji wa mafuta kaskazini ya Alberta, ulipanda bei wakati wa neema, ukashuka bei ya mafuta ilipoanguka mwaka 2014. Kisha Mei 2016 moto wa msitu ukawahamisha watu zaidi ya 80,000 na kuteketeza majengo yapatayo 2,400. Pale bei ya nyumba inapokuwa chini kuliko miji yote jirani, sababu ipo, na mnunuzi aijue kabla hajatia sahihi.

Ndani ya mji wenyewe, mtaa mmoja si sawa na wa pili. Aulize kuhusu mto. Mafuriko ya Juni 2013 yalipoikumba Calgary na mji mdogo wa High River, wenye nyumba wengi waligundua kwamba bima zao hazikuhusu maji yanayoingia kutoka juu ya ardhi. Bima ya namna hiyo ilianza kuuzwa kwa wenye nyumba nchini humo mwaka 2015. Nyumba nyingi zina vyumba chini ya ardhi, na muuzaji husema: utapangisha huko chini, mpangaji atakusaidia kulipa mkopo. Maneno mazuri, lakini vyumba hivyo sharti viwe na kibali cha manispaa cha kukaliwa na mpangaji. Kibali kionekane kwa macho.

Wengi huanza na nyumba katika jengo la ghorofa lenye wamiliki wengi, kwa kuwa bei yake ni ya chini. Hapa mkaguzi nastahili kusema kidogo zaidi, kwani shirika la wamiliki wa jengo linafanana sana na vyama tunavyovikagua. Lina bodi, mkutano mkuu, hesabu za mwaka, ada ya kila mwezi, na akiba ya matengenezo makubwa. Akiba hiyo ikiwa pungufu na paa likaanza kuvuja, kila mmiliki hutozwa mchango wa ghafla, ambao waweza kufika maelfu mengi ya dola. Ada ndogo ya mwezi, basi, si lazima iwe habari njema. Huenda ni dalili kwamba bodi kwa miaka mingi iliogopa kuwaambia wanachama ukweli, ugonjwa tunaoujua sana. Katika Alberta shirika hutakiwa kufanyiwa uchunguzi wa akiba hiyo kila baada ya miaka mitano. Mnunuzi aombe taarifa ya uchunguzi huo pamoja na kumbukumbu za mikutano, na azisome zote. Bodi inayosita kuzitoa imekwisha kujibu.

Vipo pia vyama halisi vya ushirika wa nyumba, vingi vikiwa vilijengwa kwa msaada wa serikali baada ya sheria ya nyumba ya nchi hiyo kurekebishwa mwaka 1973. Mwanachama hamiliki nyumba anayokaa, hulipa ada ya mwezi na kupiga kura, na akihama haondoki na faida. Orodha za wanaosubiri ni ndefu, hasa Toronto na Vancouver. Hata hivyo kijana ajiandikishe mapema, maana anaweza kukaa humo kwa nafuu akiweka akiba. Na akikodi popote pale kwa majira yote manne kabla ya kununua, ataujua mji kwa jua na kwa theluji.

Nimeiacha mwishoni hoja inayokihusu chama moja kwa moja. Fedha za kianzio zikitoka kwa mzazi, benki ya Kanada hudai barua ya zawadi, yenye sahihi ya mtoaji, ikisema kwamba fedha hizo hazitarejeshwa. Kwa kawaida hudai pia kuona taarifa za akaunti za siku 90. Sasa tutazame. Mzee amekopa chamani, na wameelewana nyumbani kwamba kijana atatuma fedha kila mwezi za kulipa deni hilo. Basi si zawadi. Mzee akitia sahihi barua ile amesema uongo kwa maandishi, na mtoto amepata mkopo wa benki kwa maelezo ya uongo, na ikigundulika ni yeye atakayeulizwa, akiwa mgeni katika nchi ya watu. Ama barua iwe kweli, yaani mzee mwenyewe, kwa mauzo yake ya kahawa, aweze kulipa deni lote bila kutegemea hata senti ya Kanada. Ama fedha hizo ziandikwe kuwa deni mbele ya benki ile, nayo iamue. Njia ya tatu haipo. Kamati ikipokea ombi la namna hii, ipime uwezo wa mzee peke yake, kwa shilingi, kwa misimu mitatu iliyopita, na wadhamini wake waelezwe hivyo waziwazi kabla ya kuweka sahihi.

Kwa mjadala wa vikundi vya masomo: Kijana ana dola 30,000 za akiba yake mwenyewe na cheti cha uuguzi cha Ontario, je, mjumbe wa kamati ungemshauri ahamie Alberta sasa, au asubiri? Baba yake ana nyumba mjini aliyoiandikisha kwa jina la kijana huyo. Jambo hilo linabadili nini katika hesabu ya Toronto? Na iwapo msimu mmoja kati ya mitatu kahawa ilikosa mvua, kamati ichukue mavuno ya msimu upi kupimia mkopo? Majibu ya kila kikundi yaandikwe katika daftari la masomo, na katibu ayapeleke kwenye kikao kijacho cha kamati ya mikopo.