Ghala linapogeuzwa nyumba

Katika kijiji cha Great Coxwell, Uingereza, kuna ghala la mawe lenye urefu wa mita 46 hivi. Watawa wa abasia ya Beaulieu walilijenga katika miaka ya 1290 ili kuhifadhi mavuno ya shamba lao. Abasia ilifungwa mwaka 1538, wakati wa Mfalme Henry VIII, lakini wakulima waliendelea kulitumia ghala. Tangu 1956 linatunzwa na shirika la National Trust, na wageni huingia kutazama nguzo zake ndefu za mwaloni.

Maghala mengine ya watawa yamegeuzwa kuwa nyumba. Faida ipo: familia hupata makao na paa halianguki. Lakini vyumba hukata ukumbi mkubwa vipande, na jengo ambalo wengi wangeweza kuliona huwa la wachache.

Nasi tunapotaka kugeuza jengo la zamani la jumuiya, tusihesabu gharama peke yake. Tujadiliane:

- Lilijengwa kwa jasho la nani?
- Nani atafaidika, na nani atakosa?
- Je, sehemu yake inaweza kubaki wazi kwa wote?